Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe: Maisha, Jina na Maji

1.0 Utangulizi

Kwa miaka mingi mwandishi wa makala haya amekuwa akisahihisha insha za wanafunzi ambamo jina la mtu mmoja huandikwa kwa namna mbili, pengine katika ukurasa ule ule: Kinjeketile na Kinjikitile. Namna ya kwanza imetoka katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, ambayo imesomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari. Namna ya pili ndiyo iliyotumiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye katika miaka ya 1960 alikusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi na Rufiji, wakati baadhi ya walioiona Vita vya Maji Maji kwa macho yao walikuwa bado hai. Hussein mwenyewe alitahadharisha katika utangulizi wa tamthilia yake kwamba mhusika wake ni kiumbe cha sanaa, si yule mtu wa kihistoria. Tahadhari hiyo haikuzingatiwa sana. Leo Mtanzania akiulizwa habari za mtu huyu, aghalabu atasimulia tamthilia.

Makala haya yanamrudia mtu wa Ngarambe. Hoja yetu ni kwamba Kinjikitile Ngwale alikuwa kwanza mganga na mlinzi wa mahali patakatifu penye maji, kabla ya kuwa jambo lingine lolote. Na kwamba lawama aliyotwikwa baadaye, ya kuwadanganya watu kuwa risasi zingegeuka maji, haiwezi kupimwa kwa haki bila kuzingatia tarehe za maisha yake na maneno yaliyotumika katika mafundisho yake. Lawama hiyo si ndogo. Inahusu vifo vya watu wasiopungua makumi ya maelfu.

2.0 Nchi ya maji na mahali pa kuzuru

Ngarambe iko magharibi mwa vilima vya Matumbi, katika Wilaya ya Rufiji ya leo. Nchi hiyo ina maji ya namna nyingi: mto Rufiji wenyewe na mafuriko yake, vijito vishukavyo vilimani, mabwawa yasiyokauka, na upande wa Luhoi chemchemi za maji moto yatokayo ardhini bila moto unaoonekana. Mtu aliyekulia katika nchi ya namna hiyo hakuhitaji kushawishiwa sana ili aamini kwamba chini ya maji kuna wenyewe.

Wenyewe hao walikuwa na majina. Bokero alikuwa na makao yake Kibesa, katika mto Rufiji. Hongo alihesabiwa kuwa mdogo wa Bokero au mjumbe wake. Kaskazini zaidi, katika pango la milima ya Uluguru, alikuwapo Kolelo, ambaye alidhaniwa kuwa nyoka mkubwa na aliyeombwa mvua. Watu walizuru mahali hapo wakati wa ukame, wakiongozwa na wakuu wa koo zao, nao walikuwa wakirudi na dawa na masharti. Wazaramo walisafiri hadi kwa Kolelo, na si vibaya kukumbuka kwamba ardhi ambayo leo imebeba Kariakoo na Mnazi Mmoja ni ya Uzaramo. Kwa hiyo tunapozungumzia Ngarambe hatuzungumzii kijiji kilichojitenga porini. Tunazungumzia mtandao wa mahali pa kuzuru uliofika hadi mlangoni mwa makao makuu ya serikali ya Wadachi.

Mkazi wa jiji ana tatizo moja katika kuufikiria mtandao huu: amezoea nyumba za ibada zinazoonekana. Akitoka Kariakoo kuelekea Upanga ataipita misikiti, makanisa na mahekalu ya Wahindi, na katika mtaa mmoja tulivu atalikuta hekalu la Wabudha lililoanzishwa na jumuiya ya Wasinhala mwanzoni mwa utawala wa Waingereza, pamoja na mti wao mtakatifu. Kila jumuiya imejenga kwa mawe na kuandika tarehe. Nyumba ya ibada ya Ngarambe ilijengwa kwa miti na nyasi, ikadumu muda usiozidi miezi michache, na hakuna kuta za kutembelea. Kilichobaki ni msamiati.

Jambo jingine linalopaswa kusemwa mapema ni pamba. Tangu mwaka 1902 serikali ya Gavana Gustav Adolf von Götzen iliagiza mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza katika Wilaya ya Dar es Salaam na kisha katika pwani ya kusini. Watu walilazimishwa kuyalima chini ya maakida na majumbe. Katika Wilaya ya Dar es Salaam malipo ya mwaka wa kwanza yalikuwa kiasi cha senti 35 kwa mtu, na wapo waliokataa kuzipokea. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1898. Mafundisho ya Kinjikitile hayakuzaliwa na pamba, lakini masikio yaliyoyapokea yalikuwa yametayarishwa na pamba.

3.0 Mwaka mmoja wa Ngarambe

Habari za ujana wake ni chache. Alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto, akiishi Ngarambe kama wakulima wenzake. Mambo ya maisha yake yanayosimuliwa kwa kirefu ni ya mwaka mmoja tu, tangu 1904 hadi Agosti 1905.

Masimulizi mengine yanaanza na nyoka wa ajabu aliyeonekana kijijini, kisha akatoweka. Baada ya hapo Kinjikitile alipandwa na pepo. Ilikuwa asubuhi. Alianguka kifudifudi, mikono ameinyoosha mbele, akaanza kuvutwa kuelekea kwenye bwawa la mto. Ndugu zake walijaribu kumshika wakashindwa. Alitumbukia, akazama mbele ya macho yao. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wakamtafuta bila kumwona, na jamaa wakalala ukingoni wakimngoja, kwa hakika wakiwa wamekwisha kuanza kumlilia. Kesho yake, saa ile ile, aliibuka mzima, nguo zake kavu. Akaanza kunena habari za mambo yajayo.

Msomaji wa leo anaweza kulisoma tukio hili apendavyo. Kwa upande wetu tunaona kwamba kila kipengele chake kinafuata sarufi inayojulikana ya kumpata mganga katika nchi hiyo: kuitwa kwa nguvu, kukaa na wenyewe chini ya maji, kurudi na ujuzi usio wake. Wasikilizaji wake hawakuhitaji kufafanuliwa maana yake. Walikuwa wakiijua, kama mtu ajuavyo lugha yake ya kuzaliwa.

Alichokifanya baada ya hapo kilikuwa na upya. Alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba-Nungu, yaani nyumba ya Mungu, na akafundisha kwamba wafu wa watu wote walikuwa humo. Hapakuwa na ukoo uliokuwa na mizimu yake peke yake mbali na mingine. Tangu mwishoni mwa mwaka 1904 watu walimiminika Ngarambe kwa makundi, kila kundi na mkuu wake, wakipokea maji yaliyochanganywa na mbono na nafaka. Habari ilisambazwa kwa njia ambayo Wamatumbi waliiita njwiywila, mnong'ono wa siri kutoka sikio hadi sikio, na aliyeupokea alijua kwamba ameitwa. Wanaume walifanya zoezi la kivita lililoitwa likinda.

Je, wazuru hao walikwenda kutafuta nini? Taarifa za Wadachi wenyewe, ikiwa ni pamoja na kitabu alichokichapisha Götzen mwaka 1909, zinasema kwamba maji ya Ngarambe yalitegemewa kuondoa njaa na maradhi, kuleta heri ya mazao, na kuyalinda mashamba dhidi ya nguruwe. Kinga ya vita ilikuwa mojawapo ya faida zake, wala haikuwa ya kwanza kutajwa. Ndiyo maana maofisa walipoyaona makundi yakipita njiani hawakushtuka. Walidhani ni hija ya wakulima. Baadhi ya wanahistoria wanaona kwamba walidanganywa. Sisi tunaona kwamba walikuwa wameambiwa sehemu ya kweli.

Yapo pia masharti, na hapa Kariakoo inatusaidia kuliko maktaba. Mtu yeyote aliyenunua dawa ya miti shamba kandokando ya soko anajua kwamba haiuzwi peke yake. Muuzaji atakueleza wakati wa kuinywa, chakula cha kuepuka, na jambo ambalo usipolishika dawa haitafanya kazi. Ikishindwa, swali la kwanza ni mwiko gani umevunjwa. Maji ya Ngarambe yalikuwa na miiko ya namna hiyo: mpiganaji asimkaribie mwanamke, asile vyakula fulani, na zaidi ya yote asipore mali ya adui. Mafundisho yaliyoikataza nyara yalikuwa yakijaribu kuzuia kile ambacho vita vya karne iliyopita, vya watumwa na ng'ombe, vilikuwa vimewazoesha watu.

4.0 Jina na maneno

Turudi kwenye irabu. Kimatumbi, ambacho Guthrie alikiweka katika kundi la P kwa namba P13, kina irabu saba, ilhali Kiswahili kina tano. Miongoni mwa zile saba imo irabu ya mbele ambayo kwa sikio la Mswahili huangukia kati ya i na e. Msikilizaji mmoja ataiandika i, mwingine e, na kila mmoja ataapa kwamba ndivyo alivyosikia. Tunapendekeza, bila kudai zaidi ya hapo, kwamba tofauti ya Kinjikitile na Kinjeketile ilianzia katika pengo hilo la mifumo miwili ya irabu. Kuhusu kiishio -ile, ni alama ya hali timilifu katika lugha nyingi za Kibantu, na masalia yake yamo katika ushairi wa kale wa Kiswahili. Wapo wanaotaka kulifasiri jina zima kwa njia hiyo. Tunawasihi wasite: jina la mtu likishakuwa jina halilazimiki kuendelea kuwa sentensi.

Kijumba-Nungu nalo linastahili tahadhari. Anayejua Kiswahili tu huona kiambishi cha udogo, akafikiri ni kibanda. Masimulizi yanasema nyumba ilikuwa kubwa. Ama udogo huo ulikuwa wa heshima na mahaba, ama kiambishi hicho kilikuwa na kazi nyingine katika vinywa vya watu wa Ngarambe. Kwa vyovyote vile, tafsiri ya kibanda cha Mungu ni ya kuepukwa.

Lakini jambo zito zaidi ni lugha ambamo ujumbe ulisafiri. Waliofika Ngarambe walikuwa Wamatumbi, Wandengereko, Wangindo, Wapogoro na wengineo, na ingawa lugha za jirani zilifanana, haziwezi kuhesabiwa kuwa moja. Neno lililosafiri mbali kuliko yote lilikuwa la Kiswahili: maji. Likarudufiwa kuwa jina la vita. Ni vema wanafunzi wakaangalia kwamba katika matumizi ya kawaida urudufishaji wa nomino hii huleta sifa, yaani kitu chenye unyevunyevu, na kwamba ni vita tu vilivyolipa umbo hilo maana ya ukelele na ya zama. Leo hata timu ya kandanda ya Songea inalibeba.

Kuna mfano mmoja unaoonyesha akili yake ya lugha. Kwa mujibu wa wazee, Kinjikitile alifundisha kwamba Mmatumbi na Mpogoro na wote wengine ni watu wa nyumba moja, nyumba ya Sayyid Said, na kwamba mgeni wa kweli ni Mdachi, ambaye alimfananisha na udongo mwekundu. Sayyid Said bin Sultan alikuwa amefariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla, na maakida waliokuwa wakiwachapa watu viboko shambani walikuwa wengi wao watu wa pwani waliojihesabu kuwa wa ustaarabu ule ule wa Unguja. Kwa nini basi alitumie jina hilo? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu hapakuwa na jina jingine lililowahi kutajwa na makabila yote hayo kwa pamoja. Neno la taifa halikuwapo. Alichukua jina la ukubwa lililokuwa likifahamika na wote, akalitumia kuwaita kwa ujumla ambao haujawahi kuwa na jina. Mwanaisimu hawezi kulipita tukio hilo bila kusimama.

5.0 Mohoro

Kinjikitile hakutoa amri ya kuanza vita. Mafundisho yake yalikuwa kwamba watu wangoje hadi wote watakapokuwa tayari. Walichoka kungoja, na Umatumbi ndiko walikochoka zaidi. Katika mwezi wa Julai 1905 yeye alikamatwa na kupelekwa Mohoro. Kuelekea mwisho wa mwezi huo huo, kule Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, pamoja na mwanamke aitwaye Nantabila Naupunda, walipanda katika shamba la pamba wakang'oa miche mitatu. Kitendo hicho kidogo kilikuwa tangazo. Akida Seif bin Amri alizingirwa Kibata, na moto ukashika.

Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kunyongwa alisema kifo chake hakitabadili lolote, kwani dawa yake ilikwisha kufika Kilosa na Mahenge.

Tukizipanga tarehe hizi mfululizo tunaona jambo ambalo tamthilia, kwa sababu zake halali za kisanaa, haikulazimika kulionyesha. Liwale iliangukia mikononi mwa wapiganaji katikati ya Agosti. Askofu Cassian Spiss aliuawa pamoja na wenzake tarehe 14 Agosti. Shambulio kubwa la Mahenge, ambapo maelfu ya watu waliikabili bunduki ya mtombo wakiwa na imani ya maji, lilikuwa tarehe 30 Agosti. Wakati huo Kinjikitile alikuwa kaburini kwa muda wa siku 26. Dawa iliyopelekwa Mahenge, Ungindo na Ungoni ilikuwa mikononi mwa wajumbe walioitwa kwa jina la Hongo, kila mmoja na maelezo yake, na nyumbani Ngarambe ndugu yake Njugumaina aliichukua kazi kwa cheo cha Nyamguni. Hatuwezi kujua angesema nini katika medani ya Mahenge. Tunaweza kujua kwamba hakuwapo.

Hili halimwondolei dhima yote. Aliahidi kinga, na kinga haikuwapo. Mtu aliyefundisha unyamavu na subira aliwafundisha pia watu kwamba bunduki haitawadhuru, na funzo la pili lilisafiri haraka kuliko la kwanza, kama ilivyo desturi ya mafunzo mepesi. Wadachi walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa, akihesabu njaa iliyosababishwa kwa makusudi na jeshi lililochoma ghala na mashamba hadi mwaka 1907, alifikia makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000. Sehemu kubwa ya hao hawakuuawa na risasi, bali na kukosa chakula. Atakayewahesabia maji ya Ngarambe vifo vyote hivi atakuwa amemsamehe aliyeshika kiberiti.

6.0 Mjini

Mtaa wa Waafrika ambao Wadachi waliupanga magharibi ya Mnazi Mmoja karibu na mwaka 1914 ulipata jina lake baadaye, Waingereza walipoweka hapo kambi ya wapagazi wa jeshi. Matamshi ya Kiswahili yaliyageuza maneno ya Kiingereza ya kikosi hicho kuwa Kariakoo. Katika miongo iliyofuata watu wa Rufiji walikuja kufanya kazi mjini kwa wingi hivi kwamba uchunguzi wa Leslie uliochapishwa mwaka 1963 uliwaweka miongoni mwa makundi makubwa zaidi ya jiji, pamoja na Wazaramo na Waluguru. Ni watu wa mahali patatu pa kuzuru: Ngarambe, njia ya Kolelo, na Kolelo mwenyewe.

Kumbukumbu waliyokuja nayo haikuwa ya ushujaa tu. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, pembezoni mwa Kariakoo, miaka 49 ilikuwa imepita tangu Mohoro, na mwenye umri wa miaka 60 alikuwa ameikumbuka njaa kwa tumbo lake mwenyewe. Wazee wa namna hiyo walikuwa na hofu ya kuambiwa tena kwamba mgeni anaweza kuondolewa. Julius Nyerere alilijua hilo. Mwezi Desemba 1956, mbele ya Umoja wa Mataifa, aliitaja vita ya Maji Maji kuwa ni watu kuinuka wakiitikia wito wa nafsi, huku akisisitiza kwamba safari hii njia ni ya amani. Mwongozo wa kungoja hadi wote wawe tayari, uliopuuzwa mwaka 1905, ulifuatwa mjini bila kutajwa jina la mwenyewe.

Katika njia panda maarufu ya jiji, sanamu ya Hermann von Wissmann iliondolewa na Waingereza mwaka 1916, na mwaka 1927 ikawekwa mahali hapo sanamu ya Askari, yenye maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, kwa kumbukumbu ya Waafrika wa Vita Kuu ya Kwanza. Mganga wa Ngarambe hana sanamu hapo. Umaarufu wake mjini umetunzwa na jukwaa na darasa, kwa matamshi ya e.

Kwa sababu hiyo mwandishi wa makala haya amejiwekea kanuni yake katika usahihishaji. Insha inapohusu tamthilia, Kinjeketile huachwa kama alivyo. Inapohusu mtu aliyezama bwawani asubuhi moja ya mwaka 1904 na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, irabu mbili hupigwa mstari mwekundu, na pembeni huandikwa i.